Tunaoitikia kwa kichwa bila kuelewa

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha kazi, msimamizi wetu alisimama mbele ya ubao akatupa habari njema. Bajeti ya kitengo chetu, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imekatwa asilimia 20, sasa imeongezwa asilimia 20. "Kwa hiyo tumerudi palepale tulipokuwa," akasema. Tulikuwa watu tisa mezani. Wote tukaitikia kwa kichwa, nami nikiwa wa kwanza, maana nina uzoefu wa miaka mingi wa kuitikia kwa kichwa mambo ambayo hayajaniingia.

Kuna kitu kilinikwaruza, ila sikuweza kukitaja. Nilichojua ni kwamba wenzangu wameelewa na mimi bado, hali niliyoizoea tangu darasani. Usiku, nikiwa peke yangu, nikachukua kalamu. Tuseme bajeti ilikuwa 100. Ukikata asilimia 20 inabaki 80. Asilimia 20 ya 80 ni 16. Ukiijumlisha 16 na 80 unapata 96. Hatukurudi palepale. Kulikuwa na pengo la 4 katika kila 100, na ili turudi kweli tulihitaji nyongeza ya asilimia 25. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Kwa kalamu ilinichukua dakika tano. Kwa kichwa kitupu sijui kama ningeifikia.

Sikusema kitu. Mgawanyo ukapitishwa kwa hesabu ya "palepale", na kabla mwaka haujaisha fedha zikatuishia kazi ikiwa bado ipo. Nilipokuja kumsimulia mwenzangu mmoja hesabu yangu ya usiku ule, alicheka kwa uchungu: "Na mimi nilihisi haijakaa sawa, ila nilidhani ni mimi tu sijaelewa."

Ushauri mwingi anaopewa mtu anayejiona hana akili haugusi mahali hapo. Huambiwa ajiamini. Huambiwa ana kipaji kilichojificha ambacho siku moja kitaibuka na kuwashangaza waliomcheka. Changu mpaka leo hakijaibuka. Baada ya kujitazama kwa muda mrefu naamini jambo dogo zaidi ya hilo: hasara kubwa tunayoipata sisi wazito wa kuelewa hatuipati kwa sababu ya uzito wenyewe, tunaipata katika kazi ya kuuficha. Akili niliyokuwa nayo siku ile ilitosha kabisa kulinasa lile kosa. Kilichokosekana ni maneno machache tu: "Samahani, hapo sijaelewa, naomba turudie."

Lugha yetu nayo haituonei huruma. Aliye mwepesi ni kipanga, ana kichwa. Aliye mzito ni kilaza, mbumbumbu, ndiye aliyeshika mkia. Hebu tazama maneno hayo yanapima nini. Kipanga ni ndege anayeshuka ghafla, ananyakua, anaondoka. Na neno kilaza linanukia kulala. Kinachosifiwa hapo ni kasi. Nani kanyoosha kidole kwanza, nani kamaliza mtihani akatoka nje huku wengine bado wamejiinamia. Mtoto aliyepata jibu lilelile robo saa baadaye hana jina lake katika lugha hiyo, na kwa kuwa hana jina anajihesabu pamoja na waliokosa.

Wahenga walijaribu kutufariji kwa kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. (Sisi wenye vipara methali hiyo tunaisikiliza kwa tahadhari.) Lakini anayeitumia kudai kwamba watu wote tuko sawa sitamfuata. Hatuko sawa. Wapo watu wanaoliona jambo mara moja, kama wewe unavyoona mlango. Vipimo vya akili, pamoja na kasoro zake zote, vinabashiri matokeo ya shule kwa kiasi kinachoonekana. Kutuambia kwamba tofauti hizo hazipo ni kutudanganya, maana tumekaa na watu hao dawati moja tukayaona kwa macho yetu.

Ila ni vizuri kujua vipimo hivyo vilianzaje. Mwaka 1905, Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada katika masomo. Lilikuwa jaribio la kujua nani asaidiwe. Watu walipoanza kusema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika, Binet alipinga waziwazi mwaka 1909, akiona kauli hiyo ni ya kukatisha tamaa kikatili. Hata alibuni mazoezi ya kuwajengea watoto umakini, mojawapo likiwa mchezo wa kuganda kama sanamu bila kucheka. Alifariki mwaka 1911, na waliolirithi jaribio lake Marekani wakalifanya kuwa mizani ya kumpima mtu thamani yake. Mmoja wao, Lewis Terman, alianza mwaka 1921 kuwakusanya watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu ili awafuatilie maishani. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha: William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. Kati ya waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata.

Kisa hicho tunakipenda sana watu wa aina yangu, na kwa kawaida tunakitumia vibaya. Shockley na Alvarez hawakuwa wazito hata kidogo. Kinachothibitishwa hapo ni kwamba mstari uliochorwa utotoni haukuona mbali. Hakithibitishi kwamba kila aliyeachwa nje ya mstari ni Shockley.

Anayenigusa zaidi ni Laurent Schwartz, mwanahisabati Mfaransa aliyepata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 1950. Alieleza kwamba shuleni alijiona hana akili kwa sababu alikuwa taratibu: wenzake walijibu wakati yeye bado anaigeuzageuza maana ya swali. Tena alikuwa akifaulu, lakini kufaulu hakukumtoa wasiwasi, maana ndani aliona anawadanganya watu. Karibu na mwisho wa sekondari alikaa chini akalipima jambo hilo kama hesabu, akafikia uamuzi kwamba kasi haina uhusiano wa uhakika na akili. La maana ni kuelewa kwa kina vitu na jinsi vinavyohusiana. Alikiri kwamba hata ukubwani alibaki kuwa mtu wa taratibu. Ninachokipenda ni kwamba hakungoja hisia imtoke ndipo aendelee na kazi. Aliiacha ikae ilipo, akaacha kuitii.

Kuitii ndiko kunakotula. Mtu anayeficha kutoelewa ana kazi mbili wakati mwenzake ana moja. Anasikiliza somo, na wakati huohuo anachunga uso wake. Anacheka utani ambao hakuushika. Anaandikaandika ili aonekane yuko pamoja na wenzake. Anasema "ndiyo, ndiyo" kwenye simu, kisha anampigia mtu wa tatu kuuliza yule wa pili alikuwa anamaanisha nini. Na katika mambo ya kuchagua, kama kozi au kazi au hata mchezo, anachagua lile ambalo hatashikwa. Ukijumlisha nguvu zote hizo miaka 20 utaona mtu mwenye uwezo wa wastani aliyefanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, nusu nyingine akiitumia kulinda mlango ambao hakuna aliyeugonga.

Nasema hakuna aliyeugonga kwa sababu watu hawatutazami kama tunavyodhani. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake wawili walichapisha majaribio ambayo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, jambo la aibu kwa kijana wa wakati ule, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Alipotoka aliulizwa ni wangapi wameona picha ni ya nani. Waliovalishwa walikisia karibu nusu. Walioweza kumtaja mwimbaji walikuwa kama robo. Kama fulana ya aibu inapita mbele ya robo tatu ya watu bila kutambuliwa, swali lako moja la "kijinga" lina umri wa dakika ngapi katika vichwa vyao?

Sasa tuseme umeacha kuficha. Bado kichwa ni kilekile. Ukifanyie nini?

La kwanza, kipunguzie mzigo. Kichwa cha mtu yeyote, kipanga au kilaza, hushika vitu vichache mno kwa mara moja. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba ni kama saba. Watafiti waliofuata wakashusha hadi karibu vinne. Mwepesi anafidia kwa kupanga haraka kile kinachoingia. Sisi tuna karatasi. Ile hesabu ya 100, 80, 96 haikunishinda kwa ugumu. Ilinishinda kwa kuwa nilitaka kuibeba kichwani huku nikimsikiliza msimamizi na kuchunga uso wangu. Mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo haiishii dukani.

Wala si jambo la wazito peke yao. Tarehe 30 Oktoba 1935, ndege mpya ya Boeing ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, katika majaribio ya jeshi la Marekani huko Ohio. Aliyekuwa akiirusha ni rubani mzoefu wa majaribio. Kosa lilikuwa kusahau kufungua kufuli la vipande vya mkiani vinavyoiongoza ndege. Marubani hawakuambiwa wawe na akili zaidi. Waliandikiwa orodha fupi ya mambo ya kuhakiki kabla ya kuruka, na ndege za aina hiyo zikaendelea kuruka kwa maelfu. Ninapoona mtu anaona aibu kusoma hatua zake kwenye kijikaratasi huwa nakumbuka kwamba rubani wa ndege anayoiamini naye anazisoma.

Charles Darwin alijieleza kwa namna ambayo mtu mwingine angeiona ni tusi. Alipowaandikia watoto wake habari za maisha yake alisema hana wepesi wa kuelewa, kumbukumbu yake ni pana lakini yenye ukungu, na fikra ndefu za kinadharia zinamshinda, ndiyo maana asingefika mbali katika hisabati. Kisha akataja anachokiweza: kuona vitu ambavyo wengine huvipita, na kuvitazama kwa uangalifu. Tazama alivyojipangia kazi kwa kufuata orodha hiyo. Kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa na ukungu, alijiwekea sheria ya kuandika papo hapo kila jambo linalopinga mawazo yake, akiwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka kichwani haraka kuliko yale yanayomuunga mkono. Kwa kuwa nguvu yake ilikuwa kutazama, alitumia miaka minane kuchunguza vijidude vya baharini vyenye gamba vinavyong'ang'ania miamba na matumbo ya meli. Miaka minane! Ni kweli alikuwa mtoto wa daktari tajiri, hakuhitaji mshahara, na wengi wetu hatuna nafasi kama hiyo. Lakini daftari halikuhitaji utajiri, wala ule ukweli wa kujisemea hiki siwezi na hiki naweza.

La pili ni gumu zaidi kwa watu wetu, na ndilo nimelichelewa kuliko yote. Tunasoma vibaya, na tunasoma vibaya kwa sababu ya aibu ileile. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine likakisoma katika kipindi kimoja, kisha likafunika karatasi na kuandika lilichokikumbuka, mara tatu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Jiweke ndani ya chumba kile. Ukisoma mara ya nne maneno yanateleza, unajisikia unayajua, unajisikia na wewe una kichwa. Ukifunika karatasi unakutana na weupe. Unakumbuka mwanzo, unasahau katikati, unajiona mjinga. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akikimbia kujiona mjinga atachagua njia ipi? Mimi nilichagua kurudia kusoma, tena kwa kalamu ya rangi, nikipamba kurasa mpaka zikang'aa. Nilikesha nikipiga msuli, na mtihani ulipofika nilikuwa nakumbuka rangi. Vipanga wa darasa letu walikuwa wakiulizana maswali njiani wakirudi nyumbani, na mimi nilidhani wanaringa.

Zoezi ninalolifanya siku hizi ni dogo hata naona haya kulitaja. Nikimaliza kusoma jambo nafunga, natazama dirishani, najaribu kumweleza mtu ambaye hayupo. Ninapokwama ndipo ninapoweka alama. Siku mbili tatu baadaye narudia bila kutazama. Halinifanyi mwepesi. Linaniambia nilipo.

Mazoezi yana nguvu, na nguvu yake ina mipaka. Yote mawili yalionekana kwa mtu mmoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, mwenye kumbukumbu ya kawaida, alikuwa akisomewa tarakimu moja moja kisha azirudie kwa mpangilio. Alianza na saba hivi, kama mimi na wewe. Baada ya zaidi ya saa 200 za mazoezi yaliyosambazwa katika kipindi cha takribani mwaka mmoja na nusu, alifika 79. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Siri yake ilikuwa kwamba ni mwanariadha wa mbio ndefu. Akisikia 3, 4, 9, 2 hakushika tarakimu nne. Alishika dakika 3 na sekunde 49.2, muda unaokaribia rekodi ya dunia ya maili moja. Alizitundika namba mpya kwenye misumari iliyokuwa tayari ukutani kwake. Kisha watafiti wakambadilishia, wakamsomea herufi. Akaanguka hadi sita.

Sehemu hiyo ya herufi hawaitaji wanaouza semina za kunoa akili. Kichwa chake hakikupanuka kwa ujumla. Alijenga ghala la namba, na kwa herufi hakuwa amejenga kitu. Kwa mtu aliyeambiwa akili yake yote ni ndogo naona hiyo ni habari nzuri kuliko ahadi ya kupanuka. Huhitaji kuwa na akili kila mahali. Unahitaji kuchagua sehemu moja au mbili ambazo tayari una misumari, hata kama ni mbio, kushona au kufuga, uanze kutundika hapo. Na ukae. Mtu mzito akihamahama anaanza upya kila mara kwa bei yake ya juu, wakati mwepesi analipa kidogo kila anapohamia.

Yapo pia mambo ya kuachana nayo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na Brooke Macnamara na wenzake, ukikusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba tofauti za wingi wa mazoezi zilieleza asilimia 26 ya tofauti za uwezo katika michezo kama sataranji na asilimia 21 katika muziki, lakini asilimia 4 tu katika elimu. Sehemu iliyobaki ni mambo mengine, na si yote yaliyo mikononi mwako. Nilijaribu kwa miaka mitatu kujifunza kupiga gitaa. Wenye nyumba jirani wanakumbuka.

Nimalizie na upande wa pili wa meza, kwa kuwa tunaoficha huwa tumefundishwa kuficha. "Mmeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu. Mwalimu analiuliza akiwa anafuta ubao, msimamizi analiuliza akiwa anafunga kompyuta, na chumba kizima kinajibu "ndiyo". Anayetaka kujua kweli huuliza vingine: "Hebu nieleze ulivyolielewa," au "Sehemu ipi imekaa vibaya?" Msimamizi wetu wa siku ile angeuliza hivyo, naamini mmoja kati ya tisa angetaja asilimia 20.

Mwezi uliopita niliijaribu dawa yangu mwenyewe. Katikati ya maelezo ya mradi mpya nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini safu ya tatu inapungua wakati ya pili inaongezeka. Kumbe nilikuwa nimezisoma safu kinyume. Mtu mmoja akatabasamu, mwingine akaninyooshea kidole penye kichwa cha safu, maelezo yakaendelea. Masikio yangu yalikuwa ya moto kwa dakika kumi hivi. Juzi nikamuuliza yule aliyenionyesha kama anaikumbuka siku ile. Akafikiri kidogo.

"Siku ipi?"